Mwalimu Aliyecheka Hewani: Miaka ya Mwanzo ya Redio WDIA, Memphis, 1947–1954

Utangulizi

Mwaka jana, kwenye semina ya fasihi simulizi, mwalimu wetu alitutaka kila mmoja amtaje fanani anayemfahamu. Wenzangu wakataja manju, malenga, bibi msimulia hadithi, mzee wa majigambo. Zamu yangu ilipofika nikasema: "Mtangazaji wa redio." Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu naye akatabasamu, kisha akaniambia nikatafute hoja zangu nizilete kwa maandishi. Makala haya ndiyo hoja zenyewe, ingawa zimechelewa.

Lakini nikiri mapema, ndugu msomaji, kwamba nina sababu ya pili, nayo si ya kitaaluma. Likizo ya mwaka wa kwanza nilikwenda kujaribiwa sauti katika kituo kimoja cha redio, ambacho sitakitaja. Nikapewa karatasi ya habari, nikasoma dakika tatu hivi. Aliyekuwa akinipima akanitazama kwa huruma, akasema: "Sauti unayo, dada. Lakini hiyo lafudhi ya kwenu ziwani, hapana. Nenda kaisafishe kwanza." Nikaondoka. Njia nzima kwenye daladala nikawa najisemesha kimoyomoyo, eti najisafisha. Nilichokuwa nasafisha wala sikukijua.

Miezi michache baadaye, nikiwa maktabani natafuta kitu kingine kabisa, nikakutana na kitabu cha Louis Cantor kiitwacho Wheelin' on Beale, kilichochapishwa mwaka 1992. Kinahusu redio ndogo ya masafa ya kati, yaani AM, katika mji wa Memphis, jimbo la Tennessee, Marekani. Cantor mwenyewe alifanya kazi kituoni hapo ujanani mwake. Nikamkuta humo fanani niliyekuwa namtafuta, na kumbe alikuwa mwalimu wa sekondari.

Nia ya makala haya ni kueleza miaka saba ya mwanzo ya redio hiyo, kuanzia 1947 hadi 1954, na kuihakiki kama tunavyohakiki utendaji wowote wa fasihi simulizi: fanani ni nani, hadhira ni nani, jukwaa ni la nani, na nani analipia.

Mji na redio yake

Tuanze na mazingira, maana fasihi haielei hewani, hata ile inayorushwa hewani.

Memphis ya miaka ya arobaini ilikuwa mji wa pamba kando ya mto Mississippi. Karibu watu wanne katika kila kumi walikuwa Weusi. Sheria na desturi za ubaguzi wa rangi ziliwatenga katika shule, kwenye mabasi, katika maktaba, hata katika bustani ya wanyama, ambako walitengewa siku moja ya wiki. Siasa za mji zilishikwa na mzee mmoja, E. H. Crump, na bodi ya kukagua filamu ilishikwa na Lloyd Binford. Mwaka 1947 Binford aliipiga marufuku filamu ya watoto iitwayo Curley. Kosa lake? Ilionyesha watoto Weusi na Weupe wakisoma darasa moja. Yaani hata kwenye kitambaa cha sinema, kama mchezo tu, watoto hao hawakuruhusiwa kukaa pamoja.

Weusi walikuwa na mtaa wao, mtaa wa Beale. Huko ndiko kulikokuwa na maduka yao, kumbi zao, muziki wao wa bluzi, na jumba la maonyesho la Palace lililokuwa na usiku maalumu wa vipaji: mtu yeyote anapanda jukwaani, anaimba au anacheza, na hadhira inamshangilia au inamzomea hadi ashuke. Msomaji wa fasihi simulizi ameshaitambua hadhira hii, hadhira hai isiyoficha hukumu yake.

Sasa basi, mwaka huohuo wa 1947, tarehe 7 Juni, redio WDIA ilifunguliwa. Wenyewe walikuwa Wazungu wawili, John Pepper na Bert Ferguson. Hawakuwa na nia ya kuwahudumia Weusi. Walitaka biashara, kama wafanyabiashara wengine. Kibali chao kilikuwa kidogo: kilohezi 730, nguvu ya wati 250, tena kutangaza kuanzia jua linapochomoza hadi linapozama, basi.

Hapa inabidi nieleze kidogo ufundi, kwa sababu bila huo historia yenyewe haieleweki. Mawimbi ya masafa ya kati husafiri mchana yakifuata uso wa ardhi, kwa hiyo redio ndogo husikika mjini na viungani mwake tu. Jua likizama, tabaka la juu la anga hubadilika, mawimbi yaliyokuwa yakipotea huko juu yakaanza kurudishwa chini mamia ya kilomita mbali. Ndiyo maana usiku mtu hunasa redio za nchi jirani kwa urahisi. Sasa redio zote zikinguruma usiku zitagongana. Ili kuzuia fujo hiyo, serikali ya Marekani iliwapa wadogo mchana tu, na usiku ukabaki kwa wakubwa. WDIA ilikuwa miongoni mwa wadogo.

Pepper na Ferguson walijaribu muziki wa kantri. Walijaribu muziki mwororo wa Kizungu. Redio nyingine za Memphis zilikuwa zikifanya hayohayo kwa mitambo yenye nguvu zaidi. Baada ya mwaka mmoja hivi, WDIA ilikuwa ikielekea kufungwa. Katika hali hiyo ya kufa maji, Ferguson akafikiria jambo ambalo Mzungu wa Kusini hakutarajiwa kulifikiria: kuna watu wengi sana katika mji huu ambao hakuna redio inayosema nao.

Tuwe waangalifu tusiseme kwamba hakuna Mweusi aliyewahi kutangaza kabla ya hapo. Huko Chicago, Jack L. Cooper alikuwa na kipindi tangu mwaka 1929. Lakini Chicago ni Kaskazini. Jambo ambalo halijawahi kuwapo Marekani ni kituo kizima, kuanzia asubuhi hadi jioni, kilichopangwa kwa ajili ya wasikilizaji Weusi.

Alasiri ya tarehe 25 Oktoba 1948

Mtu aliyechaguliwa kufungua mlango alikuwa Nathaniel Dowd Williams, maarufu kama Nat D. Alizaliwa mwaka 1907 mtaani Beale. Alikuwa mwalimu wa historia katika shule ya sekondari ya Booker T. Washington. Alikuwa mwandishi wa safu katika magazeti ya Weusi. Na alikuwa mshereheshaji wa ule usiku wa vipaji pale Palace. Tazama basi: darasani alijua kufundisha, gazetini alijua kuandika, jukwaani alijua kuituliza hadhira inayozomea. Sidhani kama kuna chuo cha utangazaji kingemwandaa zaidi ya hapo.

Kipindi chake kiliitwa Tan Town Jamboree. Jina lenyewe lilikuwa fumbo dogo. "Tan" ni rangi ya hudhurungi, na "Tan Town" ni mji wa wenye rangi hiyo, mji usiokuwapo kwenye ramani lakini kila msikilizaji alijua anaishi humo. Kilirushwa alasiri kwa sababu ya kawaida kabisa: asubuhi na mchana mwalimu alikuwa darasani. Na katika majira ya baridi jua la Memphis huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na redio inapaswa kuzima. Kwa hiyo mwalimu wetu alitoka darasani, akakimbilia studio, akawahi jua.

Siku ya kwanza, taa ikawaka, mtambo ukafunguliwa, na Nat D. akasahau kila kitu alichopanga kusema. Kimya. Kila aliyewahi kusimama mbele ya watu anajua kimya hicho kilivyo kirefu. Kisha, kwa kukosa la kufanya, akaangua kicheko. Kicheko kikubwa, cha tumboni. Watu waliokuwa studio wakacheka naye, na kipindi kikaanza. Tangu siku hiyo kicheko kile kikawa alama yake. Akakitumia kufungulia vipindi kwa miaka mingi.

Hapa naomba niingie kama mhakiki. Tukisoma tukio hili juujuu tutasema ni kisa cha kuchekesha tu. Lakini tulitazame kwa jicho la fani. Katika ngano zetu fanani hufungua kwa fomula, "Paukwa!", na hadhira hujibu. Fomula hiyo kazi yake ni kufungua mlango, yaani kuwaambia watu kwamba sasa tumo ndani ya hadithi, sheria za nje zimesimama kidogo. Kicheko cha Nat D. kilifanya kazi hiyohiyo. Mweusi katika Memphis ya 1948 alitakiwa kupunguza sauti mbele ya Wazungu. Kumcheka Mzungu, au hata kucheka sana mbele yake, kungeweza kumletea mtu matatizo. Na sasa hapa kuna Mweusi anacheka kwa sauti ndani ya nyumba ya kila mwenye redio, awe Mweusi au Mweupe, bila kuomba ruhusa. Alicheka kwa woga, ndiyo, siukatai ukweli huo. Lakini maana ya utendaji haimilikiwi na mtendaji peke yake, nayo hadhira ilikisikia kicheko hicho kwa namna yake.

Wazungu nao walisikia. Simu zikaanza kuingia, za malalamiko na za vitisho. Ferguson hakurudi nyuma. Hesabu zilikuwa zimeanza kumnyookea. Kufikia mwaka 1949 vipindi vyote vya WDIA vilikuwa vimegeuzwa kuwa vya wasikilizaji Weusi.

Fanani wengi, sauti nyingi

Baada ya Nat D. wakaja wengine, na hapa ndipo msomaji wa fasihi simulizi anapoanza kufurahi.

Alikuja Maurice Hulbert, aliyejulikana kama "Hot Rod". Huyu bwana alikuwa na vipindi vitatu na akajigawa watu watatu. Asubuhi, katika nyimbo za injili, alisema kwa unyenyekevu kama shemasi. Katika kipindi cha akina mama alilainisha sauti kama mchumba. Alasiri, kwenye muziki wa kucheza, akamwaga maneno ya mbio yenye vina, pumzi moja hadi nyingine. Mtu mmoja, mitindo mitatu. Nani kati yetu hajafundishwa kwamba fanani hodari ni yule anayebadili sauti kufuatana na mhusika?

Alikuja A. C. Williams, mwalimu wa biolojia katika sekondari ya Manassas, akaanzisha kwaya ya vijana wa shule iliyoimba redioni. Binti mmoja aliyepitia kwaya hiyo ni Carla Thomas, ambaye baadaye aliimba na kufahamika duniani. Baba yake, Rufus Thomas, naye alikuwa mtangazaji hapohapo, huku mchana akifanya kazi katika kiwanda cha nguo. Na Rufus huyu alikuwa amesomeshwa na nani? Na Nat D., shuleni Booker T. Washington. Mwalimu na mwanafunzi wakakutana tena kwenye kipaza sauti.

Alikuja Willa Monroe mwaka 1949, mwanamke Mweusi aliyepewa kipindi chake mwenyewe cha mambo ya nyumbani. Na mwaka 1954 akaja Martha Jean Steinberg, waliyemwita "Malkia". Nawataja hawa kwa makusudi, kwa sababu orodha za mafanani tunazopewa darasani huwa na wanawake jikoni tu, wakisimulia watoto usiku. Hawa walisimulia mji mzima mchana kweupe.

Tena alikuja kijana mmoja kutoka mashamba ya pamba ya Mississippi, gitaa mkononi, jina lake Riley King. Akapewa dakika kumi. Akaitwa "Beale Street Blues Boy", likafupishwa likawa Blues Boy, likafupishwa tena likawa B. B. Dunia nzima ikamjua kama B. B. King. Rekodi yake ya kwanza, ya mwaka 1949, ilirekodiwa ndani ya studio za WDIA. Yaani jina la kisanii la mmoja wa wapiga gitaa wakubwa wa karne ya ishirini ni jina la redioni, jina la kutambulishwa kwa wasikilizaji. Malenga wetu nao hujipa lakabu.

Jambo moja linawaunganisha wote hawa: hawakusema kama Wazungu wa redioni. Nat D. alikuwa na shahada ya chuo kikuu, alijua Kiingereza cha vitabuni barabara, na alikitumia alipotaka. Lakini alipokaa kwenye kipaza sauti alichanganya, sentensi moja ya darasani, inayofuata ya mtaani Beale, kisha kicheko. Nilipofika hapo katika kusoma, nikakifunga kitabu kwanza. Nilimkumbuka yule aliyenipima sauti. Kama Nat D. angeambiwa akasafishe lafudhi, WDIA ingekufa mwaka 1948, na mji huo ungepoteza kitu ambacho wala usingejua umekipoteza.

Hadhira inayojibu

Watanibishia wenzangu: sawa, fanani yupo, lakini hadhira iko wapi? Katika fasihi simulizi hadhira inajibu, inapiga makofi, inamkatiza msimulizi. Redio inasema peke yake. Hoja hii ni nzito, siwezi kuipita pembeni.

Jibu langu ni matangazo ambayo WDIA iliyaita ya nia njema. Mtu amepotelewa na mtoto, anakuja kituoni au anatuma neno, na mtangazaji anatangaza. Mtu ameokotewa pochi. Kanisa fulani lina chakula cha hisani. Familia imeunguliwa nyumba, inahitaji nguo. Kuna kazi mahali fulani. Magazeti makubwa ya mji hayakuwa na nafasi kwa mambo hayo ya Weusi, na ofisi nyingi za mji hazikuwa na mlango kwao. Kwa hiyo redio ikawa ubao wa matangazo wa mji usiokuwapo kwenye ramani. Mtoto aliyepotea anarudishwa, na taarifa ya kupatikana kwake inatangazwa pia. Je, hilo si jibu la hadhira? Hadhira ilijibu kwa miguu yake.

Bibi yangu hakusoma, lakini kwake redio ilikuwa na saa moja ambayo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kupiga kelele, nayo ni saa ya matangazo ya vifo. Hunisimulia jinsi alivyomjua mtangazaji kwa pumzi tu: akianza polepole hivi, ujue kuna msiba wa karibu. Huko ndiko alikojua kwamba mdogo wake amefariki, siku mbili kabla ya mjumbe kufika. Kwa hiyo niliposoma kuhusu Memphis sikuona jambo geni, nilimwona bibi.

Aidha, kulikuwa na kipindi cha mjadala cha siku za Jumapili, Brown America Speaks, kilichoongozwa na Nat D. Humo Weusi walijadili mambo yao kwa sauti zao wenyewe, katika mji uleule wa Binford na Crump. Na kuanzia 1949 kituo kiliandaa maonyesho makubwa ya jukwaani ya kuchangisha fedha, ambayo baadaye yaligharamia mabasi ya kuwapeleka shule watoto Weusi walemavu na timu za mpira za watoto ambao viwanja vya Wazungu viliwafungia.

Nani analipia ngoma?

Hadi hapa nimesifu tu, na uhakiki wa kusifu tu si uhakiki. Mwalimu wetu hutukumbusha daima tuulize swali la kitabaka, basi tuulize.

Redio hii ilikuwa mali ya nani? Ya Wazungu wawili. Faida ilikwenda kwa nani? Kwao. Mitambo iliendeshwa na mafundi Weupe, na mtangazaji Mweusi alikaa upande wa pili wa kioo. Uongozi wote ulikuwa wa Weupe. Mwaka 1957 kituo kiliuzwa kwa Egmont Sonderling, Mzungu mwingine, kwa bei inayotajwa kuwa dola milioni moja. Meneja mkuu wa kwanza Mweusi, Chuck Scruggs, alipatikana mwaka 1972, yaani miaka 24 baada ya kile kicheko.

Na tazama mfano wa B. B. King. Zile dakika zake alipewa ili aitangaze dawa ya maji iitwayo Pepticon, dawa ya kuongeza nguvu, ambayo wenye redio waliitengeneza wao wenyewe. Ndani yake mlikuwa na kiasi kizuri tu cha pombe, haishangazi kwamba watu walijisikia nguvu. Mwanzoni King hakulipwa mshahara kwa kazi hiyo. Malipo yake yalikuwa ruhusa ya kutangaza mahali atakapopiga gitaa usiku. Wenye redio wakapata fedha ya dawa, mwenye gitaa akapata jina. Je, huo ni unyonyaji au ni nafasi? Nadhani ni vyote viwili, na atakayechagua kimoja atakuwa ameacha nusu ya habari nje.

Kuna hata swali la udhibiti. Wenye kituo walikuwa waangalifu wasiichokoze serikali ya mji, na mwaka 1954 walipiga marufuku baadhi ya nyimbo walizoziona za aibu. Wengine wanaweza kusema: hii si sauti ya Weusi, ni sauti ya Weusi iliyokodishwa. Hoja hiyo naikubali nusu. Jukwaa lilikuwa la kukodi, sawa. Lakini katika historia ya fasihi ni majukwaa mangapi hayakuwa ya kukodi? Malenga wa mwinyi alikula kwa mwinyi, na bado hutukoma kumsoma tukitafuta alichokipenyeza chini ya sifa. Swali la mhakiki ni hili: ndani ya ukumbi wa mwenyewe, fanani alipenyeza nini? Nat D. alipenyeza mtaa wa Beale mzima, na lugha yake, ndani ya chombo ambacho hakikuwa chake. Hilo si ukombozi kamili, la hasha. Wala si bure.

Wati 50,000

Juni 1954 WDIA ilipewa kibali kipya: kilohezi 1070, nguvu ya wati 50,000 mchana, na ruhusa ya kutangaza hata usiku kwa nguvu ndogo zaidi. Kutoka wati 250 hadi 50,000 ni kuongezeka mara 200. Ile redio iliyokuwa ikikimbizana na jua sasa ilianza kabla ya alfajiri na kufunga usiku wa manane. Mawimbi yakashuka bondeni mwa Mississippi, kwenye mashamba ya pamba, hadi karibu na ghuba ya Meksiko. Kituo chenyewe kilijitangaza kwamba kinaifikia sehemu ya kumi ya Weusi wote wa Marekani.

Mwezi mmoja tu kabla, tarehe 17 Mei 1954, Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imetoa hukumu dhidi ya ubaguzi katika shule za umma. Sisemi kwamba redio ilileta hukumu, wala hukumu ilileta redio. Nasema kwamba mkulima wa pamba aliyekuwa peke yake kijijini, mbali na Memphis, mwaka huo alianza kusikia kila siku, jikoni kwake, sauti ya mtu wa rangi yake akisema kwa raha. Watoto waliokua na sauti hiyo ndio waliokuwa vijana miaka ya sitini.

Tarehe 7 Desemba 1956 kijana Mzungu, Elvis Presley, alikwenda kwenye onyesho la hisani la WDIA akapanda jukwaani kusalimu, na wasichana Weusi wakapiga mayowe. Nat D. akaandika gazetini akiuliza kwa utani wenye ncha: kwa nini wasichana hawa hawapigi mayowe hivyo kwa B. B.? Mtangazaji alikuwa ameanza kuihakiki hadhira yake mwenyewe. Nimefurahi kuona kwamba fanani wangu alikuwa hata mhakiki.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba redio WDIA katika miaka yake ya mwanzo ilikuwa na sifa tunazozidai katika fasihi simulizi: fanani mwenye mtindo wake, fomula ya kufungulia, lakabu, vina, ubadilishaji wa sauti, na hadhira inayojibu kwa vitendo. Nimeonyesha pia kwamba jukwaa lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa akihesabu fedha. Mambo haya mawili hayafutani. Mwanafunzi wa fasihi simulizi anayehesabu vina na kusahau hati ya kiwanja hajamaliza kazi, na anayehesabu fedha na kusahau kicheko naye hajamaliza.

WDIA ingalipo hadi leo, kwenye kilohezi 1070, ingawa siku hizi ni mali ya kampuni kubwa yenye mamia ya vituo. Nat D. alifundisha zaidi ya miaka arobaini na hakuacha chaki kwa ajili ya kipaza sauti. Asubuhi alikuwa na kipindi cha kahawa kabla ya kengele ya shule, jioni Jamboree baada ya kengele, na katikati watoto na historia yao. Najiuliza wanafunzi wake walijisikiaje, kumsikia mwalimu wao akicheka redioni wakiwa nyumbani, halafu kesho yake kumkuta mbele ya ubao.

Likizo iliyopita nilimwuliza bibi kama anawakumbuka watangazaji wa zamani. Majina yalikuwa yamempotea. Lakini akanyoosha mgongo kitini, akakohoa kidogo, akaiga jinsi mmoja wao alivyokuwa akisalimu, polepole, na ile pumzi ya kabla ya msiba. Wajukuu wote sebuleni tukanyamaza. Akaiga kwa lafudhi ya kwetu.

Kwa hiyo, mwalimu, narudi kwenye semina nikiwa na jibu lilelile. Na ule mtihani wa sauti nitaurudia, kwa lafudhi hiihii.